Tea Party na wenye chama: nani alimmeza nani?

Usiku wa tarehe 21 Novemba 2025, Marjorie Taylor Greene, mbunge wa kaskazini-magharibi mwa Georgia, alitangaza kwamba anaachia ubunge kuanzia 5 Januari 2026. Wiki moja kabla, Rais Donald Trump alikuwa amemwondolea baraka zake na kumwita msaliti. Tangu hapo tafsiri mbili ndizo zinazosikika. Ya kwanza inasema dalili ya mvua ni mawingu: wahafidhina wa mashinani wameanza kumchoka Trump, na Greene ni wingu la kwanza. Ya pili inasema ni yale yale ya siku zote, kwamba vuguvugu la wananchi liliingia Washington, vigogo wakalimeza, na sasa wanamtema aliyebaki na ubishi. Zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinadhani bado kuna vigogo upande huu na wananchi upande ule, na kwamba kazi iliyobaki ni kutazama nani anamvuta nani. Hoja yangu ni tofauti. Wenye Chama cha Republican hawakulimeza vuguvugu la wahafidhina wa mashinani lililoanza mwaka 2009 kwa jina la Tea Party, likipinga matumizi makubwa ya serikali. Vuguvugu ndilo lililowashinda, tena kwa kura za halali, kisha likaupoteza uhuru wake ndani ya ushindi huo huo, kwa sababu siku aliponyanyuka mtu mmoja mwenye sauti kuliko wote halikuwa na chombo chake lenyewe cha kumwambia hapana.

Jamaa yangu anayeishi Columbus, Ohio, aliniuliza kwenye simu kama Wamarekani nao wana wenye chama. Wanao, ila hawana mkasi walionao wa kwetu. Tanzania mtu anaweza kuongoza kura za maoni na bado jina lake likakatwa na vikao vya juu. Kenya tiketi ya chama wakati mwingine hutolewa mezani, mchujo usifanyike kabisa. Marekani, tangu mageuzi ya mwanzoni mwa karne ya 20, mchujo wa wabunge katika sehemu kubwa ya nchi umewekwa kwenye sheria za jimbo, na aliyeshinda ameshinda. Mwenyekiti wa chama hana kikao cha kumkata. Wenye chama wa huko hutawala kwa njia nyingine: fedha za kampeni, nafasi kwenye kamati za bunge, mafundi wa matangazo na takwimu za wapigakura, na ile kauli ya wakubwa kwamba fulani hauziki kwa mpigakura wa kati. Hizo ni nguvu kubwa, lakini ni nguvu za kushawishi. Kikundi cha watu wenye hasira, kikijipanga kupiga kura katika mchujo ambao watu wachache ndio hujitokeza, kinaweza kumwangusha mtu yeyote. Bila kulijua hilo, yaliyotokea kati ya 2010 na 2016 hayaeleweki.

Tea Party ilizaliwa Februari 2009, ingawa mimba ilitungwa Oktoba 2008, George W. Bush alipotia saini sheria ya dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Wahafidhina wengi walinuna kimyakimya, maana rais alikuwa wa kwao. Tarehe 17 Februari 2009 Barack Obama akasaini mpango wa dola bilioni 787 wa kuunusuru uchumi, na siku mbili baadaye Rick Santelli, mtangazaji wa CNBC, kituo cha televisheni cha habari za biashara, akiwa kwenye sakafu ya soko la Chicago, akawageukia madalali na kuwauliza nani kati yao anataka kumlipia mkopo wa nyumba jirani mwenye bafu la ziada asiyeweza kulipa bili zake. Madalali wakazomea. Akasema anafikiria kuitisha Tea Party ya Chicago mwezi Julai, akirejea wale wakoloni wa Boston waliotosa chai ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki baharini tarehe 16 Desemba 1773. Kufika 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, mikutano ilifanyika katika mamia ya miji. Na hata kabla ya Santelli kufungua mdomo, Seattle mwanablogu kijana, Keli Carender, alikuwa ameshawakusanya watu kama mia tarehe 16 Februari kupinga matumizi hayo hayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliozunguka majimboni miaka iliyofuata walikadiria makundi ya mitaa kama 1,000, yaliyokutana maktabani, makanisani na kwenye kumbi za migahawa, wengi wao watu weupe wa umri wa makamo kwenda juu, wenye kipato cha kati.

Hapa ndipo linapoingia dai maarufu zaidi dhidi ya vuguvugu hilo: kwamba halikuwa la wananchi hata siku moja, ni matajiri wawili, Charles na David Koch, waliolipia mabango na mabasi. Dai hili lina nyama. Mwaka 1984 ndugu hao walianzisha asasi ya Citizens for a Sound Economy, ambayo mwaka 2004 ikagawanyika na kuzaa FreedomWorks na Americans for Prosperity. Aliyeiongoza FreedomWorks wakati wa maandamano makubwa ya Washington ya tarehe 12 Septemba 2009 alikuwa Dick Armey, kiongozi wa zamani wa wabunge wa Republican. Mtu aliyekaa ngazi hiyo kwa miaka 8 huwezi kumwita mgeni. Msafara wa Tea Party Express nao ulibuniwa na Sal Russo, fundi wa kampeni za Republican wa miaka mingi huko Sacramento. Na kituo cha Fox News kiliipigia debe mikutano hiyo kabla haijafanyika.

Lakini kutoka kwenye ukweli huo mpaka kwenye kudai kwamba watu walikuwa vibaraka ni kuruka mto usio na daraja. Kwanza, watu wa mitaani na wafadhili hawakutaka kitu kimoja. Asasi za akina Koch zilitaka bima ya afya ya wazee na pensheni ya taifa zipunguzwe au zikabidhiwe soko. Wanachama wa mitaani, ambao wengi walikuwa wazee, waliziona hizo kuwa haki waliyoitolea jasho. Hasira yao ilikuwa kwa wale walioamini wanalishwa bila kufanya kazi, na kwa wahamiaji. Pili, ulikuja mtihani wa wazi. Mwaka 2016 Charles Koch alikataa kutoa fedha kumuunga mkono Trump. Kama vuguvugu lingekuwa mali yake, Trump asingeambulia kitu kwa watu hao. Badala yake walimfuata Trump kwa wingi, na mwenye pesa akabaki na pesa zake. Tatu, Mei 2024 FreedomWorks yenyewe ilifunga milango, na viongozi wake wakaeleza kwamba pengo kati ya imani za zamani za soko huria na fikra za wanachama lilikuwa limepanuka mno. Kibaraka hamfilisi bwana wake. Wanaoendelea kulishikilia dai hili wanalishikilia kwa sababu linawapunguzia kazi: ukishasema watu wamenunuliwa, huna haja ya kuwasikiliza wanataka nini.

Dai la pili ni gumu zaidi kulijibu. Linasema wananchi walikuwa wa kweli, ila wawakilishi wao walitekwa walipofika Washington. Mwaka 2010 Trent Lott, aliyewahi kuwaongoza maseneta wa Republican na ambaye wakati huo alikuwa mshawishi wa kulipwa, alisema mbele ya mwandishi wa habari kwamba hao wapya wakifika tu, kazi ni kuwaingiza kundini. Ni nadra kigogo kusema mpango wake kwa sauti. Na kweli, orodha ya walioingia kundini si fupi. Marco Rubio alimlazimisha gavana Charlie Crist kukimbia mchujo wa Florida mwaka 2010 kwa nguvu za watu wa Tea Party. Miaka michache baadaye ndiye aliyekuwa tegemeo la wafadhili wakubwa, na mwaka 2025 akawa waziri wa mambo ya nje. Mick Mulvaney alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2010 akilia na deni la taifa, akawa mmoja wa waasisi wa Freedom Caucus, kundi la wabunge wahafidhina wenye msimamo mkali, mwaka 2015, kisha akawa mkuu wa bajeti wa Trump. Mwaka wa fedha 2019 serikali ilitumia karibu dola trilioni moja zaidi ya ilizokusanya, uchumi ukiwa mzima na ajira zipo. Februari 2020, akizungumza Oxford, Mulvaney mwenyewe alikiri kwamba chama chake huhangaishwa sana na nakisi pale tu Mdemokrati anapokuwa Ikulu.

Hata hivyo, ukiangalia nani alimwangusha nani, hadithi ya kutekwa inapwaya. Mei 2010 seneta Bob Bennett wa Utah, mtu wa mihula mitatu, alitolewa kwenye mkutano wa chama chake hata kabla ya kufika kwenye mchujo. Siku 10 baadaye, Kentucky, Rand Paul alimshinda mgombea aliyebebwa na Mitch McConnell, seneta mwenzake mtarajiwa na mkubwa wa Republican katika Seneti nzima. Septemba, Delaware, Christine O'Donnell alimwangusha Mike Castle, ambaye kila mtu alijua angeshinda uchaguzi mkuu. O'Donnell akashindwa, kiti kikabaki kwa Wademokrati, na waliompigia kura hawakuomba radhi. Novemba Republican ikaongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Watu waliotekwa hawawagharimu watekaji wao kiti cha Seneti kwa makusudi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Virginia, tarehe 10 Juni 2014. Eric Cantor, namba mbili wa Republican katika Baraza, mtu aliyetarajiwa kuwa Spika, alishindwa kwenye mchujo na David Brat, mwalimu wa uchumi katika chuo kidogo. Cantor alikuwa na zaidi ya dola milioni 5. Hesabu za kampeni yake zilionyesha kama dola 168,000 zilizotumika kwenye migahawa ya nyama peke yake. Brat alikuwa ametumia kama dola 200,000 kwa kampeni nzima. Mwalimu huyo alipata zaidi ya asilimia 55 ya kura. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba asasi kubwa za kitaifa zenye jina la Tea Party hazikumsaidia Brat. Hazikuamini anaweza kushinda. Waliomshindisha ni wakazi wa vitongoji vya Richmond waliochoshwa na mbunge wao kuonekana zaidi kwa wafadhili kuliko kwao, pamoja na watangazaji wa redio waliolipigia kelele suala la uhamiaji.

Sasa tujiulize asasi zile za kitaifa zilikuwa zinafanya nini mwaka huo. Gazeti la Washington Post lilipiga hesabu Aprili 2014: mifuko ya kisiasa ya asasi 6 kubwa za Tea Party ilikuwa imetumia dola milioni 37.5 katika msimu ule wa uchaguzi, na zilizokwenda moja kwa moja kuwasaidia wagombea hazikufika milioni 7. Nyingine zililipa washauri, kampuni za kuandika barua za kuomba michango, na mishahara. Bibi wa Tennessee anayetoa dola 25 kila mwezi ili kumng'oa kigogo alikuwa, kwa sehemu kubwa, analipia barua itakayomwomba dola 25 nyingine. Dick Armey alipoondoka FreedomWorks mwaka 2012 baada ya ugomvi wa ndani, aliahidiwa dola milioni 8 kwa awamu. Kongamano la Nashville la Februari 2010, lililotangazwa kuwa la wananchi, liliuza tiketi kwa dola 549.

Nadhani hapa ndipo kidonda kilipo, na ni mahali ambapo wote wawili, mkosoaji wa akina Koch na mlalamikaji wa kutekwa, hawapaangalii. Uhuru wa vuguvugu unapimwa kwa vitu linavyovimiliki kuliko kwa usafi wa nia zake. Tea Party haikuwa na kadi ya uanachama. Haikuwa na ada iliyopelekwa kwenye hazina inayosimamiwa na waliochaguliwa na wanachama, wala kikao ambacho mjumbe wa kikundi cha Tennessee angeweza kumsimamisha mtu wa Washington amweleze fedha zimekwenda wapi. Kitu cha thamani pekee kilichokuwepo kilikuwa orodha ya majina na barua pepe, na orodha hiyo iliishi kwenye kompyuta za watu ambao hakuna aliyewachagua. Katika ngazi ya mtaa makundi yalikuwa hai na huru kweli kweli. Juu yake hapakuwa na ghorofa ya pili. Kwa hiyo nguvu yote ilikuwa moja tu, kumwangusha mtu kwenye mchujo. Nguvu hiyo ni ya kutisha, lakini haichagui ajenda. Inasema nani aondoke. Nini kifanyike baada ya hapo haisemi.

Freedom Caucus ilijaribu kuwa ghorofa hiyo ya pili. Ilianzishwa Januari 2015, na kabla ya mwaka kwisha Spika John Boehner alikuwa ametangaza kung'atuka. Kwa muda ilionekana vuguvugu limepata chombo ndani ya bunge. Kisha Trump akaja na swali ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo: je, hasira hizi zilikuwa za deni la taifa, au za wakubwa wenyewe? Thomas Massie, mbunge wa Kentucky aliyeingia mwaka 2012 na kupenda kuvaa kifuani kisaa alichokiunda mwenyewe kinachohesabu deni la taifa kwa sekunde, aliwahi kueleza mwaka 2017 jibu alilolipata. Alikuwa akidhani waliowachagua Ron Paul, baba yake Rand na mbunge wa zamani wa Texas, Rand Paul mwenyewe na yeye walipigia kura falsafa ya serikali ndogo. Alipowaona watu wale wale wakimpigia Trump, akatambua kwamba walikuwa wanamtafuta mgombea mwenye wazimu kuliko wote uwanjani, na kwamba yeye mwenyewe alichaguliwa kwa sifa hiyo. Ni maneno ya kejeli, na sidhani kama ni haki kabisa kwa wapigakura wake, lakini yanaeleza jambo ambalo vitabu vizima vya sera havielezi.

Wafuasi wa Trump wana jibu lao, na ndilo dai la tatu. Wanasema mashinani sasa ndiyo chama. Wa aina ya Bush na Cheney wametoka, McConnell ameshaaga uongozi wa Seneti, na Kevin McCarthy aliondolewa uspika tarehe 3 Oktoba 2023 kwa kura 216 dhidi ya 210, Warepublican 8 wakiungana na Wademokrati. Mwananchi alitaka Spika aondoke, Spika kaondoka. Utadai uhuru gani zaidi ya huo? Ni hoja yenye uzito, na wanaoicheka hawajakaa chini kuhesabu ni vigogo wangapi wamezikwa kisiasa tangu 2010. Udhaifu wake uko kwenye swali moja: wakati huu, nani anaweza kumwondoa nani? Juni 2018 Mark Sanford wa South Carolina, mbunge mwenye rekodi ya ubahili wa fedha za umma kuliko karibu wenzake wote, alishindwa mchujo saa chache baada ya Trump kumpinga hadharani. Justin Amash wa Michigan, mwasisi wa Freedom Caucus, alikihama chama 4 Julai 2019. Machi 2024 kamati kuu ya taifa ya chama ilipata mwenyekiti mwenza anayeitwa Lara Trump, mkwe wa mgombea. Mwenye chama yupo. Amebadilika jina tu, na safari hii ni mmoja.

Mtihani wa deni ndio unaoumbua zaidi. Santelli alipopiga kelele Chicago, deni la serikali ya Marekani lilikuwa chini ya dola trilioni 11. Oktoba 2025 lilipita trilioni 38. Mwezi Julai mwaka huo ulipitishwa muswada mkubwa wa Trump wa kodi na matumizi, ambao ofisi ya bajeti ya bunge ilikadiria utaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 ndani ya miaka 10, na ndani yake kikomo cha kisheria cha deni la serikali kikapandishwa kwa trilioni 5 kwa mpigo. Mwaka 2011 watu wa Tea Party walikuwa tayari nchi ikwame kuliko kupandisha kikomo hicho, mpaka kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha hadhi ya mkopo wa Marekani. Mwaka 2025, katika Baraza, Warepublican wawili tu walisema hapana siku ya mwisho: Brian Fitzpatrick wa Pennsylvania, ambaye hakuwa mtu wa vuguvugu, na Massie. Freedom Caucus ilinguruma wiki nzima, ikaitwa Ikulu, ikarudi na kura za ndiyo. Katika Seneti Rand Paul alikataa. Vikao vya mitaani vilivyolaani bilioni 787 mwaka 2009 havikuonekana barabarani.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema watu wamebadili vipaumbele, na kubadili vipaumbele ndio uhuru wenyewe. Uhamiaji umewagusa zaidi ya deni, basi. Ninakubali nusu. Wapigakura wana haki ya kugeuza mawazo, na kama niliyosema juu ya wazee na pensheni zao ni kweli, pengine deni halikuwa mzizi hata mwanzoni. Lakini kubadilika kwa hiari kuna alama zake: mjadala, mgawanyiko, watu wanaobishana mkutanini. Kipaumbele kikibadilika siku ile ile ambayo kiongozi anabadilisha chake, na kikarudi siku anayorudi, huo ni utii. Ukweli kwamba unatolewa kwa furaha haubadilishi jina lake.

Ndiyo maana kisa cha nyaraka za Jeffrey Epstein, tajiri aliyeshtakiwa kwa biashara ya ngono ya wasichana wadogo na kufia gerezani mwaka 2019, ni cha kupendeza kwa mchambuzi, na ndicho kinachonizuia kusema mashinani pamekufa. Massie na Mdemokrati Ro Khanna walikusanya sahihi 218, yaani zaidi ya nusu ya Baraza, za kulazimisha muswada wa kufichua nyaraka hizo ufike ukumbini bila idhini ya Spika. Warepublican waliotia sahihi walikuwa wanne: Massie, Greene, Lauren Boebert na Nancy Mace. Ikulu iliwabana, hawakufuta. Tarehe 12 Novemba 2025 sahihi ya mwisho ilipatikana, na tarehe 18 Baraza likapiga kura 427 kwa moja, baada ya Trump mwenyewe kugeuka. Hapo rais alimfuata mfuasi. Kwa nini hapa na si kwenye deni? Kwa sababu kwa suala hili watu walikuwa na imani waliyokuwa nayo kabla ya kuambiwa waiache, na kila mbunge aliisikia imani hiyo nyumbani kwake kwa njia ambazo Ikulu haikuzishika. Lakini ni jambo moja, lilitekelezwa na wabunge wanne, na mmoja wao ameshafunga mizigo. Katika taarifa yake Greene alisema hataki kuwa mke anayepigwa akiendelea kutumaini mambo yatakuwa mazuri. Hakuwa na kikundi cha kumwambia abaki, wala chombo cha kumlinda kwenye mchujo. Alikuwa na jina lake, na jina lilijengwa kwa baraka zile zile zilizoondolewa.

Tazama pia nani wanaendesha vita dhidi ya Massie. Trump ameshamtaja anayemtaka, Ed Gallrein, mkulima na mwanajeshi mstaafu. Mfuko ulioanzishwa kumng'oa Massie unaendeshwa na Chris LaCivita na Tony Fabrizio. LaCivita alikuwa nyuma ya matangazo yaliyomchafua John Kerry, mgombea urais wa Wademokrati, mwaka 2004. Fabrizio alimpimia Bob Dole, mgombea urais wa Republican, maoni ya wapigakura mwaka 1996. Wamo wafadhili kama Paul Singer na John Paulson, wakubwa wa mifuko ya uwekezaji. Singer huyu huyu mwaka 2016 alikuwa upande wa Rubio dhidi ya Trump. Ukiuliza wenye chama wa zamani wamekwenda wapi, hilo ndilo jibu: mafundi na wafadhili hawajaondoka, wamebadilisha mwajiri. Aliyeshindwa ni yule kigogo aliyesimama mbele ya kipaza sauti. Waliokaa nyuma yake na madaftari ya takwimu na hundi walihamia jirani. Na tusimpambe Massie kupita kiasi: mchujo wake wa 2012 ulibebwa kwa kiasi kikubwa na mfuko uliojazwa na kijana wa miaka 21 wa Texas aliyerithi mali. Tofauti ni kwamba tangu hapo amejijengea orodha yake ya wachangiaji wadogo nchi nzima, na hiyo ndiyo iliyomwezesha kusema hapana mwaka 2020 kuhusu mpango wa trilioni 2.2 wa korona, Trump akitaka afukuzwe chamani, kisha akarudi kumuunga mkono mwaka 2022.

Mchujo wa Kentucky ulipangwa kufanyika tarehe 19 Mei 2026, na sheria ya jimbo hilo inamfungia nje asiyejiandikisha kama Mrepublican. Aliyetaka kuhama chama ili apige kura hiyo ilimlazimu awe amehama ifikapo 31 Desemba 2025. Maana yake Wademokrati waliomshangilia Massie kwa nyaraka za Epstein hawatamsaidia. Watakaoamua ni Warepublican wa kaunti za Boone, Kenton na Campbell, ng'ambo ya mto kutoka Cincinnati, na wa vijiji vya mashariki zaidi, wengi wao wale wale waliompeleka bungeni mwaka 2012 na kumpigia Trump mara tatu. Akishinda, wengi watasema mashinani pamejikomboa; akishindwa, watasema vigogo wamerudi. Mimi nitaangalia kwanza kama kuna kikundi chochote cha mtaa, kati ya vile vilivyokuwa vikikutana maktabani mwaka 2010, kitakachoitisha mkutano kuwahoji wagombea wote wawili kuhusu trilioni 38.